Bundi Hana Haraka

Kwetu bundi akitua juu ya paa usiku, watu hutoka na mawe. Ni ndege wa uchuro. Wajapani wao walimwita kazini. Treni ya Shinkansen mfululizo wa 500, iliyoanza safari mwaka 1997 kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, ilikuwa na mkono wa kupokelea umeme uliotiwa vinundu vidogo kwa kuiga meno ya unyoya wa bundi, arukaye kimya, ili kelele ipungue. Pua yake ya mita 15 iliiga mdomo wa mdiria, isilipue hewa ikichomoka handakini. Mhandisi wake, Eiji Nakatsu, alikuwa mtazamaji wa ndege.

Wanaoshabikia uigaji huu wana ushahidi mwingine karibu na sisi: nyangumi wenye nundu, wanaopita pwani yetu miezi ya kipupwe. Pezi lao lina vinundu ukingo wa mbele, na mfano wake ulipopimwa kwenye upepo wa maabara, ulichelewa kupoteza nguvu ya kuinua kuliko pezi laini.

Lakini ile pua ndefu ilikula nafasi, hata behewa la mbele likakosa mlango upande wa dereva. Treni hizo zilipofupishwa kuwa na mabehewa 8 na kupewa safari za polepole, mkono wa bundi uling'olewa ukawekwa wa kawaida. Mwendo ulipungua, haja ya mkono ule ikaisha.

Hapo ndipo ninaposhikia mimi. Bundi ana mabawa mapana, mwili mwepesi, na haruki kwa pupa. Meno ya manyoya yanakuja baadaye. Kelele ya hewa kwenye ukingo wa panga la feni hupanda kwa kipeo cha tano hivi cha mwendo: upunguze nusu, zinaondoka desibeli kama 15. Kwenye mitambo ya upepo, ambako kupunguza mwendo ni kupoteza umeme, meno ya ukingoni yanastahili gharama yake.

Kwa pangaboi la chumbani kwangu Temeke, sina hakika. Wiki mbili tu za vumbi, panga laini limeota ukoko mweusi. Lenye meno nani atalisugua? Lilipoanza kugonga mwezi uliopita, fundi alibadilisha beringi, akachukua kijiti, akapima umbali wa kila panga kutoka darini. Moja lilikuwa limeshuka upana wa kidole. Akalikunja kwa mkono, akawasha.