VISRETAIN: Nani aamue kinachoonekana kwenye mchoro uliounganishwa?

Lawama hii hurudi karibu kila mradi unaochorwa kwa AutoCAD, programu ya kuchora michoro kwa kompyuta. Msanifu amebadilisha rangi ya kuta, au amewasha leya (tabaka la mchoro, kama la kuta au la samani) aliyokuwa ameizima, na amehifadhi faili lake. Mhandisi wa umeme aliyeunganisha ramani hiyo kwenye mchoro wake kama rejea (faili la nje linaloonekana ndani ya mchoro) anafungua na haoni badiliko lolote. Mtu anataja VISRETAIN, swichi ya AutoCAD inayoamua kama mabadiliko yako kwenye leya za rejea yahifadhiwe au la; mwingine anasema iwekwe 0, na mjadala unaishia hapo. Ushauri huo una hoja nzito nyuma yake, lakini unatolewa kwa wepesi mno, na anayeufuata hugundua gharama yake karatasi zikiwa zimeshafika saiti.

Mchoro ukiunganishwa, leya zake huingia kwenye orodha ya mchoro mwenyeji zikitanguliwa na jina la rejea na mstari wima: GHOROFA1|UKUTA, GHOROFA1|SAMANI. VISRETAIN ikiwa 1, unachofanya kwa leya hizo, iwe kugandisha (kuificha kabisa), kuzima au kubadili rangi, kinahifadhiwa ndani ya faili lako. Ikiwa 0 unaruhusiwa kufanya yote hayo, ila ukifungua faili tena, leya zinarudi kama mwenye mchoro wa awali alivyoziacha.

Wanaotaka 0 wanasema mchoro una mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayejua nini kionekane. Hofu yao ni ya kweli. Chukua mhandisi aliyegandisha SAMANI mwanzoni mwa mradi kwa sababu vitanda na makochi vilikuwa vinamjazia karatasi. Baadaye msanifu anachora kabati la kujengea ukutani, na analiweka kwenye leya hiyo hiyo ya SAMANI. Mhandisi haoni kitu. Soketi zake zinabaki palepale, na fundi anakuja kugundua kwamba mbili kati yake zimefichwa nyuma ya kabati. Hapo 1 imechangia kosa, na sina namna ya kuitetea.

Hata hivyo, hebu tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Mhandisi wa umeme haunganishi ramani ya msanifu ili airudie kama ilivyo. Kutoka ramani ile ile ya ghorofa anatoa karatasi ya taa, ya soketi na ya ving'ora vya moto. Kwenye karatasi ya taa anahitaji gridi ya dari na hataki samani. Kwenye ya soketi anataka samani, kwa sababu kitanda ndicho kinachomwambia soketi ikae wapi. Kuta zote anazififisha ziwe kijivu ili nyaya zake zisomeke. Kila dirisha kwenye karatasi (fremu inayoonyesha sehemu ya mchoro) linagandishwa leya zake peke yake. AutoCAD iliingiza michoro ya rejea na nafasi ya karatasi (sehemu ya kupangia karatasi za kuprinti) kwa pamoja, katika Release 11 ya mwaka 1990, na tangu hapo vitu hivi viwili vimekuwa vikitegemeana: faili moja la chanzo, karatasi nyingi zisizofanana.

Weka 0 juu ya kazi hiyo. Mchoraji anakaa mchana kutwa akipanga madirisha, anagandisha leya moja moja, anatazama kioo na kila kitu kiko sawa. Anahifadhi, anafunga, anaenda nyumbani. Programu haimkatazi amri hata moja na haimwambii kwamba kazi hiyo ni ya muda. Asubuhi mwenzake anafungua faili lile lile ili aprinti seti ya kutuma kwa mkandarasi. Samani zimerudi, vipimo vya msanifu vimerudi juu ya alama za taa, na kuta zimerudi kwenye rangi yake nene. Huyu mwenzake hakuwapo jana. Hajui karatasi ilitakiwa iweje, kwa hiyo hana cha kumshtua, na anaprinti. Kinachonitisha zaidi ni umbali kati ya tendo na madhara yake: aliyepanga hakuona zikipotea, na aliyeprinti hakujua kwamba kuna kilichopotea. Isitoshe, thamani ya VISRETAIN huhifadhiwa ndani ya mchoro wenyewe. Ikiwekwa 0 kwenye kiolezo cha ofisi, kila karatasi inayozaliwa humo inaibeba.

Kosa la kabati nalo lipimwe kwa haki. VISRETAIN ikiwa 1, leya mpya ya msanifu huingia ikiwa na hali aliyoipa yeye, kwa hiyo kama ameiwasha utaiona. Swichi nyingine mbili, LAYEREVAL na LAYERNOTIFY, zikiwashwa, programu inakutahadharisha kwamba kuna leya ambazo hujazipitia. Tundu linalobaki ni kitu kipya ndani ya leya ya zamani, na hilo linazibwa kwa makubaliano: vitu vya kujengea visiwekwe kwenye leya ya samani za kuhamishika. Aidha, kila toleo jipya la ramani likifika, lifunguliwe peke yake na lisomwe leya zote zikiwa wazi, kabla ya mtu kutazama karatasi zake.

Mara nyingi pia VISRETAIN inabeba lawama isiyo yake. Msanifu anatuma faili jipya lenye «RevC» kwenye jina; mchoraji anaondoa rejea ya zamani kwa Detach na kuunganisha hii mpya. Jina la mbele limebadilika, kwa hiyo, machoni pa programu, hizo ni leya nyingine kabisa, na mipangilio yote imekwenda na zile za zamani. Ilitosha kuielekeza rejea ile ile kwenye faili jipya na kuacha jina lake la ndani lilivyo.

Anayetaka rangi mpya za msanifu mara moja tu anaweza kuweka 0, akapakia rejea upya, kisha akarudisha 1. Ila afanye hivyo kwenye nakala, kwa maana mipangilio yake ya awali itafutika. Matoleo ya karibuni yana pia VISRETAINMODE, inayomruhusu achague sifa zipi za leya zifuate chanzo na zipi zibaki zake. Rangi inaweza kumfuata msanifu huku kugandisha kukibaki kwa mhandisi, na naona huo ndio mgawanyo wenye haki kuliko yote.

Kuna mchoro mmoja ambao ningeuwekea 0 bila kusita: ule wa uratibu, unaounganisha ramani za fani zote ili kutafuta bomba linalopita kwenye boriti. Hauprintiwi wala hauna madirisha ya kulinda, na leya ikifichwa humo inaweza kuficha mgongano uleule unaotafutwa.