Sikuanguka mtoni, jamani

Kabla hamjaendelea kucheka kwenye magrupu: SIKUANGUKA MTONI. Huyo jamaa anayesambaza habari kwamba nilitumbukia na baiskeli hakuwepo, alikuwa kazini. Alichonacho ni kivideo cha sekunde nne za mwisho, na aliyemtumia ni mke wangu mwenyewe, tutaongea nyumbani. Mto Clark Fork ulikuwa chini kule, mimi juu ya daraja, mkavu kabisa. Shida ilikuwa suruali.

Mama mkwe katoka Tanga kuja kututembelea hapa Missoula, Montana. Siku ya tatu nikajitia mwenyeji. Nikamzungusha jengo la mahakama la mwaka 1910, kisha nikamweleza kwamba huyo Higgins ambaye barabara kuu ya mji ina jina lake alianza na mwenzake Worden kwa duka walilofungua 1860, mahali palipoitwa Hell Gate. Mke wangu akatafsiri bila kuombwa: Lango la Jahanamu.

Mama akashika ushungi. "Ndiko ulikomleta mwanangu?"

Nikabadilisha mada haraka, na hapo ndipo nilipojichimbia. Nikaanza kumhadithia askari wa baiskeli. Mwaka 1897, askari 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha jeshi la Marekani walitoka kambi ya Fort Missoula, wakapanda Milima ya Rocky kwa baiskeli, na mahema na mablanketi juu yake, mvua yao, theluji yao, mchanga wa Nebraska wao, mpaka St. Louis. Kama kilomita 3,000. Waliondoka Juni 14, wakafika Julai 24. Mama akasikiliza kwa adabu tu. Mtu wa Tanga humwambii kitu kuhusu baiskeli. Mimi nikaona haijamwingia. Nikasema ngoja nimwonyeshe.

Baiskeli niliazima kwa jirani. Suruali ni ile ya harusi yangu, kitambaa kizuri, miguu mipana, fundi wa Tanga, na aliyelipa ni yeye mama mkwe. (Mnaona inakoelekea. Mimi sikuona.)

Nikaanzia katikati ya daraja la barabara ya Higgins kuelekea Wilma, lile jengo la ghorofa nane la 1921 ambalo mwenye nalo aliliita kwa jina la mkewe. Mlangoni watu wamepanga foleni ya onyesho. Nikapiga kengele. Nikainua mkono mmoja kama mwanajeshi. Nikahisi kitu kimenishika pindo la mguu wa kulia, taratibu, kama mtoto anayeomba hela. Nikakanyaga pedeli. Cheni ikameza. Nikakanyaga tena, mazoea hayo, ikameza hadi gotini. Sasa mguu hautoki, baiskeli imesimama, na mimi bado nimekaa juu yake wima. Foleni nzima imenyamaza. Niliwaangalia, wakaniangalia. Kisha nikaanza kulala upande wa kulia, polepole kama mnazi uliokatwa, mkono wa saluti bado uko juu. Hizo ndizo sekunde nne mlizoziona. Ambacho video haina ni ule mlio: trrrraaa, kuanzia gotini mpaka kwenye mkanda.

Boksa ilikuwa ya njano. Msiniulize.

Mzee mmoja akatoka kwenye foleni na kisu cha mfukoni, akakata, akaniuliza kama mifupa iko salama, basi. Nikarudi nyumbani mguu mmoja suruali, mwingine kaptula, baiskeli nikiikokota, mama mkwe mbele akitembea kama hatufahamiani.

Usiku, kujitetea, nikamwonyesha kwenye simu ile picha ya 1896, hao askari na baiskeli zao juu ya ngazi za mawe meupe kule Yellowstone. Nikamwambia, Mama, kweli walikuwepo, si hadithi. Akavaa miwani. Akaisogeza picha, akaikuza, akaitazama muda mrefu.

"Mkwe," akasema, "mbona wenzio wamefunga miguu?"

Akachomoa pini ya ushungi wake, akaiweka mezani mbele yangu, akaenda kulala.