Theluji ya kwanza kwa mtu wa Mtwara: Kilimanjaro au Toubkal?

Korosho ikiuzwa vizuri, mazungumzo ya Mtwara huwa bati, kiwanja na bodaboda. Sasa kuna vijana wanaozungumzia theluji, na ubishi wao ni mmoja: aanzie mlima gani mtu ambaye baridi kali aliyowahi kuionja ni ya Newala mwezi wa Julai?

Kundi la kwanza halitaki hata mjadala: Kilimanjaro. Hoja wanazo. Mlima uko nyumbani, Mtanzania halipi ada ya mgeni, na hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala, na Moshi wanakodisha kila kitu, kuanzia koti hadi begi la kulalia. Hata msimu unakubali, maana Januari na Februari mlimani ni pakavu, na pesa ya korosho bado ipo.

Kundi la pili linasema Kilimanjaro haifundishi theluji. Hapa niko upande wao. Kutoka kibanda cha Kibo hadi Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685, unapanda changarawe usiku, ikiwa imeganda. Theluji ikiwepo, mara nyingi unaikanyaga kwa buti tu, nyuma ya mwongozaji. Kinachowarudisha watu pale ni mwinuko: kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, na kileleni kila pumzi ina takriban nusu ya oksijeni uliyoizoea pwani ya Shangani, Mtwara. Utarudi umeiona theluji, lakini kuimudu bado.

Kuimudu kunataka mteremko uliochaguliwa. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, kwa hiyo mwanafunzi huanzia pasipofika hapo, pasiwe na mteremko mkali juu yake, na chini pawe tambarare pasipo mawe wala genge. Kisha anaangushwa makusudi. Anateleza, anajipindua kifudifudi, anakandamiza shoka la barafu kwa kifua na bega mpaka ncha ing'ate. Anarudia chali, anarudia kichwa kikitangulia chini, hadi mwili uitikie wenyewe. Wakati wa zoezi hilo kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, huvuliwa, maana jino moja likinasa mtu akiwa kasi, kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika. Nani atakupa somo hilo saa saba usiku juu ya Kibo?

Ndiyo maana wanaitaja Toubkal ya Moroko, mita 4,167, wakati wa majira ya baridi. Unaanzia kijiji cha Imlil, unalala kwenye nyumba ya wapandaji mita 3,207, unaondoka alfajiri theluji ikiwa ngumu na kushuka kabla jua halijailegeza. Mwinuko wake unavumilika, hivyo akili inabaki kwa ajili ya miguu na shoka. Lakini theluji ikigeuka barafu tupu, hata njia ya kawaida ni hatari kwa asiyejua kujizuia. Na nauli ya ndege si ya gunia mbili za korosho.

Wapo wanaotaka kuyapata yote Kilimanjaro kwa kupitia Western Breach, njia ya mwinuko mkali upande wa magharibi. Hapana. Januari 2006 mawe yaliporomoka upande huo yakaua wapandaji watatu, na shoka la barafu halizuii jiwe.

Anayetaka picha ya kilele cha Uhuru aende Marangu kwa siku sita badala ya tano. Ile siku ya ziada kwenye vibanda vya Horombo, ya kuzoea mwinuko, ina faida kuliko koti la bei. Anayetaka ufundi aanze na Meru, ajue mwili wake unavyopokea mwinuko, halafu adunduize msimu mwingine kwa ajili ya Moroko, zikiwemo siku mbili za mafunzo kabla ya kilele. Miguu anaweza kuinoa hapahapa, akipanda na kushuka Shimo la Mungu kule Newala na mzigo mgongoni. Mapafu ndiyo hayatapata zoezi la mwinuko, kwani uwanda wote wa Makonde haufiki mita 1,000.