Popo na virusi: je, kinga yao ni ya pekee?

Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, na tena nchini Rwanda mwaka uliofuata, walionyoshewa kidole ni popo wa matunda wakaao mapangoni na migodini, ambao hubeba virusi hivyo bila kuugua. Kwa nini kinachomuua binadamu kisimdhuru popo?

Wanasayansi wengine hujibu kwa kutaja kuruka. Kuruka hutumia nishati nyingi mno, na inaaminika kwamba kazi hiyo huharibu DNA, ambayo vipande vyake vikizagaa ndani ya seli huweza kudhaniwa kuwa ni vya virusi, na mwili ukaanza kujishambulia. Kwa hoja hiyo, mageuko yalipunguza makali ya vitambuzi vyenyewe vya DNA hiyo: jeni zote za familia ya PYHIN, ambazo hutengeneza baadhi ya vitambuzi hivyo, hazipo katika popo waliochunguzwa, na protini ya STING, ambayo hupiga mbiu DNA inapoonekana mahali pasipo pake, ina badiliko dogo linaloidhoofisha. Popo basi huvumilia virusi si kwa sababu ana silaha kali kuliko zetu. Huenda anapona kwa kuwa hapigani kupita kiasi.

Hoja hiyo inavutia, pengine kupita ushahidi wake. Miongoni mwa mamalia, uwezo wa kuruka kwa mbawa ulijitokeza mara moja tu, kwa hiyo hatuna ukoo wa pili wa kulinganisha. Popo wenyewe hawafanani: kwa spishi moja ya Australia iliripotiwa kwamba interferoni, protini za kuamsha kinga dhidi ya virusi, huzalishwa hata pasipo maambukizi, ilhali kwa popo wa matunda wa Afrika anayebeba Marburg hali hiyo haikuthibitika. Tena kichaa cha mbwa huwaua popo pia.

Watafiti Mollentze na Streicker walikwenda mbali zaidi katika kutilia shaka upekee wa popo mwaka 2020, walipoonyesha kwamba idadi ya virusi vinavyomfikia binadamu kutoka kundi fulani la wanyama huongezeka kadiri spishi za kundi hilo zinavyokuwa nyingi. Popo wana spishi zaidi ya 1,400, takriban moja ya tano ya mamalia wote. Wingi wa virusi vyao si ajabu.

Kwa maoni yangu, hesabu hiyo inajibu swali la wingi wa virusi, si la ukali wake, na hapo ndipo hoja ya uvumilivu inapobaki na uzito. Ila uvumilivu huo usitufanye tusahau kinga ya kawaida, ile ya popo aliyekwisha kuambukizwa akapona. Katika mgodi wa Kitaka, Uganda, popo waliangamizwa baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007. Waliporudi, kiwango cha maambukizi kati yao kilikuwa cha juu kuliko awali, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba nafasi ya wenye kinga ilichukuliwa na wageni wasio nayo.