Gari ya mutego ya panya na harusi ya shemeji

Ukiona mutoto wa dada yako anakuletea kiti kabla hujamuomba, jua kuna kazi inakuja. Huyu wetu iko na kichwa ya fizika, na ku masomo yabo hapa Goma balibaambia kila mutoto atengeneze ka gari: hakuna batri, hakuna moteri, hakuna kusukuma na mukono, nguvu yote itoke ku mutego moja ya panya. Yenye itaenda mbali zaidi njo inashinda. Mbali, siyo mbio. Narudilia hiyo neno juu shemeji yangu mpaka leo haijamuingia mu masikio.

Mutego tulinunua Birere, kwa ule papa mwenye anatembeza dawa ya panya na panya zenye zilikauka zinaning'inia ku fimbo, publisite yake hiyo. Nikamuomba yenye springi kali. Akaniangalia. "Panya yenu iko ya namna gani?" Mutoto akajibu mbio: "Ni ya masomo, papa." Ule muzee akatupunguzia bei, nafikiri alituhurumia.

Sasa shemeji, bwana ya dada yangu. Yeye ni shofere wa Fuso, barabara ya Rutshuru yote iko mu damu yake, na kwake gari bila mbio siyo gari. Alitaka ule mukono ya mutego ubakie mufupi vile ulitoka sokoni, "juu njo fasi nguvu iko". Nikamuambia shemeji, springi ni moja, nguvu ni ile ile, ukikunja mukono digrii 180 inaweka ka nguvu kake mule ndani na ukiiachilia inakurudishia kale kale, hakuna bonasi. Kazi yetu ni kuchagua tu vile itatoka. Mukono mufupi ni kama vitesi ya kwanza ya Fuso: inavuta muzuri sana, lakini nani alishafika Rutshuru na vitesi ya kwanza? Hapo alinyamaza kidogo. Kidogo tu.

Basi tukafunga ka chuma ka santimeta 30 ku mukono ya mutego, na ku ncha tukafunga kamba. Mukono ikitoka nyuma mpaka mbele ncha inavuta kamba karibu santimeta 60. Hiyo kamba tunaizungusha ku chuma ya magurudumu ya nyuma, yenye unene wa milimita 5, kwa hiyo mzunguko moja inakula santimeta 1.57, unaona? Hesabu inatoka mizunguko 38. Na gurudumu ni sede (CD), sede iko na upana wa santimeta 12, ikizunguka mara moja inakanyaga santimeta 37.7. Zidisha na 38, unapata metre 14 na kitu ya kusukumwa, kisha inaendelea kuteleza yenyewe mpaka msuguano uichoshe. Nilimuandikia mutoto hiyo yote ku kikaratasi, yaya yangu, njo ule dada mama ya mutoto, akaichukua akafungia nayo chumvi.

Mengine yote ni kupigana na msuguano. Vyuma vilipita mu vipande vya bomba la kalamu, na tone moja ya mafuta ya sherehani, moja tu, ukiweka mingi inakamata vumbi. Ku ukingo wa sede za nyuma tulivalisha mapulizo (baluni) yenye tulikata katikati, juu plastiki tupu inateleza ku sima. Na hapa batoto wengi njo banaangukia: kamba haifungwi ku ile chuma ya nyuma, unaishikisha tu ku ka ndoano, kamba ikiisha inajiachilia na gari inaendelea. Ukiifunga na fundo, gari ikifika mwisho wa kamba inaanza kuikunja upya na inajishika breki yenyewe.

Sede mutoto alizileta mwenyewe. Nikamuuliza umezitoa wapi, akasema mu kikapu ya bintu ya zamani. Nikafurahi.

Kujaribu tulijaribu ndani ya nyumba, juu inje kwetu ni mawe ya volkano tu, Nyiragongo ya 2002 ilitumwangia mu kartie, na pale ata mbuzi inaangalia fasi ya kukanyaga. Shemeji akaomba azungushe kamba yeye. Akaizungusha kwa kinyume, gari ikaenda nyuma, ikaingia chini ya babula, jiko ya makala, yenye yaya alikuwa anakaangia samaki ya sambaza. Pulizo moja ikayeyuka. Tuliendelea.

Siku yenyewe sale ilijaa bazazi. Waliweka meza ya bageni kule mwisho, na kitambaa ya kuteremuka mpaka chini, mandazi, jus, na Prefe, mukubwa wa masomo yabo, katikati na suti. Nani alifikiri gari itafika kule?

Na kweli za kwanza hazikufika. Moja, mukono mufupi, ilizungusha magurudumu pale pale ikalia kwiii, ikaruka metre chache ikakufa. Shemeji akapiga makofi. Ingine ilifungwa na fundo, ilikwenda muzuri kisha ikasimama na kuanza kurudi kwa mwenyewe, batu bakacheka mpaka mutoto akalia. Kulikuwa na moja ya sura ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mbao ya kweli, usukani na yote, nzuri kuliko ile sanamu ya dhahabu ya ku ronpwe ya Goma, lakini uzito! Ilisogea karibu shibiri moja, ikapumzika.

Yetu sasa. Mutoto akaachilia. Sale ikanyamaza, kisha kicheko, juu ilikuwa inatembea polepole kama haitaki. Shemeji akafunika uso. Mimi nilikuwa naangalia ule mukono unapanda taratibu, kamba inajifungua mzunguko kwa mzunguko, na moyo yangu ilikuwa tamu.

Shida ya gari ya polepole ni kwamba batu bana wakati ya kusoma kenye kaliandikwa ku magurudumu.

Shemeji akasimama. Akakaribia. Akaanza kutembea pembeni ya gari, ameinama, kichwa inageuka pamoja na gurudumu, anasoma na sauti: "Ha... ru... si... ye... tu... moja." Akaruka upande ule mwingine. "Harusi yetu, mbili." Akataka kuikamata, mwalimu wa fizika akapiga firimbi: gari yenye inatembea haiguswi, ikiguswa inaondolewa! Basi akaisindikiza hivyo hivyo, mikono nyuma, anaangalia ndoa yake inapita ku sima na mapulizo mekundu.

Metre 14, kamba ikajiachilia, na ikabakia inakokotwa nyuma. Gari ikaingia chini ya kitambaa. Mama moja wa komite ya bazazi akasikia kitu inamugusa ku mguu, akainua kitambaa, akaona mbao ya mutego na mukia ndefu. "PANYAAA!" Akapanda ku kiti. Jirani yake akapanda ku meza. Meza haikukubali. Jus ikamwangikia Prefe ku suruali, mandazi ikaanza mashindano yake, na Prefe, mwanaume shujaa, akakanyaga.

Krak.

Mwalimu akakimbia: "Prefe, usitoe mguu! Hapo njo alama!" Na dekametre yabo ilikuwa ya metre 10 tu, ilibidi wapime, waweke chaki, warudi. Prefe amesimama na mguu moja ku gari, jus inateremuka. Shemeji akamukaribia na heshima yote: "Prefe, samahani sana. Mguu yako iko ku harusi yangu."

Metre 16 na santimeta 40. Tulishinda, na mimi nasema bila ule kiatu ingegonga ukuta.

William Hooker wa Illinois, kule Amerika, mwenye alipata hati ya uvumbuzi ya mutego ya springi 1894, sijui angesema nini kama angeona vile mangaribi ilikuwa kwetu. Yaya aliosha zile sede mbili na sabuni, akatoa gundi na ukucha, akaziweka mu mashini. Ya kwanza, yenye kanisa na pete, ilikuwa njo yenye ilikutana na kiatu: hakuna picha, hakuna sauti. Ya pili ikaanza bila kukwama, shemeji mwembamba iko anajipakulia wali.

Yaya akaangalia mpaka mwisho, akazima. "Sawa. Kumbe hatukuoana. Tulikula tu."