Mpimeni Mama Akiwa Amekaa

Msimu wa sendoff umerudi na picha zimejaa kwenye simu zetu. Zitazame vizuri zile za meza ya wazazi. Kutoka Sinza mpaka Mbagala utaona jambo lilelile: mama mzaa chema ameketi kwenye ncha ya kiti, mgongo ameukaza, mkono mmoja umeshika gauni pajani lisizidi kupanda, na shingo ya gauni imembana kooni. Ukifika wakati wa kutunza, anainuka kwa kushikwa mkono. Watu wanasema ni miguu, mama amechoka. Miguu haina kosa. Gauni limekatwa kwa mwili usio wake.

Linaloniuma zaidi ni ushauri unaofuata baada ya sherehe: "Mama, umri umeenda, wewe sasa vaa madera tu." Mwanamke amejua kuvaa tangu usichana wake, anajua kuoanisha kitenge na mtandio kabla wengi wetu hatujazaliwa, halafu akifika miaka 60 anaambiwa aachane na kupendeza, kwa sababu tu fundi hakuchukua vipimo vichache zaidi.

Tazameni upimaji wenyewe. Mama anasimama barazani kwa fundi. Tepu inazunguka kifuani, kiunoni, kwenye hipsi, kisha inashushwa kutoka begani hadi chini. Fundi anaandika inchi kwenye kipande cha karatasi: 42, 40, 46, 56. Dakika mbili, kazi imekwisha. Namba hizo nne zinaweza kumtosha binti wa miaka 25. Kwa mwanamke aliyevuka 55 hazigusi kabisa yale yaliyobadilika: mgongo wa juu umejikunja kidogo, mabega yamekuja mbele, matiti yameshuka, tumbo limejitokeza na nyuma pamepungua. Kifua kinaweza kuwa 42 ileile ya miaka 20 iliyopita na gauni la 42 likakataa kukaa.

Kwa hiyo anzeni na sidiria. Mama aende kwa fundi akiwa amevaa ileile atakayoivaa siku ya shughuli, maana sidiria iliyolegea na iliyokaza zinaweza kutofautisha kimo cha matiti kwa inchi nzima, na gauni lililopimwa juu ya moja halikai sawa juu ya nyingine. Kisha afungwe lastiki nyembamba kiunoni. Kiuno hakikisiwi: mama ainame kidogo ubavuni, pale mwili unapojikunja ndipo kilipo, lastiki ikae hapo hadi upimaji uishe.

Sasa fundi apime nyuma: kutoka kwenye kile kifupa kinachojitokeza chini ya shingo mpaka kwenye lastiki. Halafu mbele: kutoka shingo inapokutana na bega, kupitia chuchu, mpaka kwenye lastiki. Aandike pia umbali wa bega hadi chuchu peke yake, na chuchu hadi chuchu. Vipimo hivi havitumii hata dakika tatu, na ndivyo vinavyoamua kama mama atafurahi au atashinda akijivuta nguo.

Sababu yake ni hii. Mgongo uliojikunja unahitaji kitambaa kirefu zaidi nyuma. Fundi akitumia ramani ya mgongo ulionyooka, gauni zima linarudi nyuma kutafuta urefu ambao halikupewa: mshono wa bega unahamia mgongoni, shingo ya mbele inapanda na kukaba koo, na pindo la nyuma linakuwa juu kuliko la mbele. Mama anavuta mbele, linarudi. Dawa si kupanua shingo, ingawa mafundi wengi hukimbilia huko na kuacha kifua wazi. Dawa ni kuongeza nusu inchi hadi inchi 1 kwenye kipande cha nyuma, usawa wa mabawa ya mgongo, kisha ule upana unaozidi shingoni uingizwe kwenye mikunjo midogo miwili pale nyuma ya shingo au kwenye mshono wa bega. Kwenye kitenge chenye maua mikunjo hiyo haionekani hata kwa anayeitafuta.

Mkunjo wa kifuani nao lazima ushuke. Ncha yake ielekee kwenye chuchu na iishie kama inchi 1 kabla ya kuifikia. Ukiachwa pale ulipokuwa ujanani, unatengeneza kibonge juu ya titi na kubana chini yake, na hapo ndipo watu husema nguo inamzeesha mtu.

Baada ya hayo, mama akae. Si kwenye sofa, sofa inadanganya. Akae kwenye kigoda au kiti cha mbao, miguu ikanyage chini, na tepu izungushwe tena kwenye hipsi na kwenye tumbo, palepale panapojaa. Kwa wengi hipsi zinaongezeka inchi 2, kwa wengine 3. Kitenge hakivutiki. Gauni lililokatwa kwa 46 ya kusimama, na nyongeza ya inchi 1 tu, likikaliwa na 49 halina pa kwenda ila kupanda juu ya mapaja au kuachia mshono. Chukueni kipimo cha kukaa, ongezeni inchi 2, ndipo mkate. Sherehe ikichukua muda wa saa sita, mama anasimama labda kwa saa moja. Muda uliobaki wote amekaa, na bado tunampima kana kwamba ameajiriwa kusimama.

Urefu upimwe mwishoni, kutoka kiunoni hadi sakafuni, mbele, nyuma na ubavuni, kila upande peke yake, akiwa na viatu vya siku ile. Tumbo hula kitambaa cha mbele. Ndiyo maana magauni mengi ya akina mama wenye tumbo yanaonyesha kifundo cha mguu mbele na kufagia vumbi nyuma.

Mshono wa nguva, unaobana hadi magotini kisha kupanuka chini, ndio unaopendwa sasa, na sikatai kwamba unaweza kumpendeza mwanamke wa umri wowote. Lakini nguva iliyobana magotini haipandi daladala, wala ngazi za ukumbi. Gauni linalofika kwenye kifundo likiwa na mzunguko wa chini ya inchi 50 pindoni linabana hatua. Anayetaka mstari wa nguva amwambie fundi aanze kupanua juu ya goti, au aweke mpasuo wa nyuma unaofika usawa wa goti.

Zipu ya mgongoni iondolewe, na hapa sina msimamo wa kati. Bega likikakamaa, mkono haufiki nyuma. Vidole vyenye maumivu ya viungo havishiki kile kijiti chembamba cha zipu. Mama anayeishi peke yake anaishia kumwita jirani amfunge na amfungue nguo yake mwenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa kama inchi 22 hadi 23. Shingo ya duara yenye mpasuo wa mbele wa inchi 7, kifungo kimoja kikubwa juu na kitanzi, inampisha bila zipu yoyote, mradi mwili wa gauni haukubanwa kiunoni. Ikiwa lazima kiuno kibane, zipu ikae mbele, ifichwe kwenye mshono wa katikati, na kwenye kijiti chake ifungwe utepe mdogo wa kushika.

Kitambaa. Wanawake wanaoingia miaka 60 leo walikua na khanga na vitenge vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa China. Mikono yao inaijua pamba. Mkienda nao Kariakoo, waacheni wapapase kwanza kabla hamjawaharakisha kwa rangi. Polista iliyochapwa maua ya kitenge inang'aa, haikunjiki, na bei yake inavutia, lakini kwa joto la Dar kati ya Desemba na Machi jasho halina pa kutokea. Kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma au iko njiani kukoma, na joto linampanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, nguo hiyo ni mateso. Kama mkono hauna uhakika, chomoeni nyuzi mbili tatu na kuziwasha. Pamba inanuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka, inanuka plastiki, inaacha kitone kigumu cheusi.

Pamba ilowekwe usiku mmoja na ianikwe kabla ya kupelekwa kwa fundi. Pamba mpya inaweza kusinyaa hadi inchi 2 kwa kila yadi, na kusinyaa huko ni afadhali kutokee kwenye beseni kuliko kwenye gauni lililokwisha kushonwa. Halafu ulizeni bitana. Hapa ndipo pamba nzuri inapoharibiwa: fundi anatia ndani satini ya polista, na mama anakuwa amelipia pamba huku ngozi yake ikigusa plastiki. Khanga kuukuu iliyolainika, iliyokwisha kuacha kutoa rangi, ni bitana bora kuliko nyingi zinazouzwa kwa yadi. Itoshe mwili wa juu na kushuka hadi chini ya makalio. Haihitaji kufika pindoni.

Maua makubwa ya kitenge yana kanuni moja tu: fundi akitandaza kitambaa kabla ya kukata, aangalie duara linaangukia wapi. Maduara mawili yaliyokaa sawasawa juu ya matiti yameharibu magauni mengi mazuri. Kulihamisha ua kunakula kama nusu yadi zaidi, kwa hiyo nusu yadi hiyo inunuliwe tangu mwanzo.

Mifuko miwili, kwenye mishono ya ubavuni, ianze inchi 3 chini ya kiuno na mdomo wa inchi 7. Ishikizwe kwenye mshono wa kiuno kwa ndani, la sivyo simu inauvuta mfuko na gauni linaning'inia upande. Miwani, dawa za mchana, pesa za kutunza, vyote vina pa kukaa na mikono inabaki huru kushika mhimili wa bajaji.

Sasa dera lenyewe. Nyumbani, mchana wa Februari, hakuna nguo inayolishinda, hilo nakubali. Ila yale yanayouzwa tayari yamekatwa marefu kwa kila mtu, na pindo linalolala sakafuni limeangusha wazee kwenye ngazi za nyumba zao wenyewe. Likatwe liishie inchi 2 juu ya sakafu. Na lisiwe jibu la kila mwaliko.

Viatu vinunuliwe jioni. Miguu hupanuka umri unavyokwenda, na kwenye joto huvimba kufikia magharibi. Kiatu cha asubuhi kinakuwa jela saa mbili usiku. Kisigino cha inchi 1 hadi 1 na nusu, kipana, soli ya mpira. Sandali iwe na mkanda nyuma ya kisigino, kwa sababu isiyo na mkanda inalazimisha vidole kuing'ang'ania kila hatua, na ndipo mtu anapojikwaa. Mwenye kisukari aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu, apapase mishono yote.

Kilemba kikimpa kichwa kuuma, kimefungwa chini mno kwenye paji la uso, au kitambaa ni kigumu na kizito. Pamba laini ya yadi 1 na nusu, ifungwe juu ya nywele zinapoanzia, inatosha.

Kuhusu rangi nina neno moja: rangi aipendayo ikae karibu na uso, na mvi zisiwe sababu ya kumvika kahawia.

Najua mafundi watasema hawana muda, na kwa Desemba wanasema kweli. Basi kitambaa kimfikie fundi wiki 4 kabla, si siku 6. Na aombwe jaribio moja kabla ya kumaliza: mabega na ubavu vishikizwe kwa mishono mirefu ya mkono, mama avae, akae, ainue mikono, ainame kuokota kitu, ndipo cherehani ipite. Ubavuni iachwe inchi 1 ya ziada kila upande badala ya ovaloki kula kila kitu, maana mwili wa mwakani unaweza kuhitaji nafasi.

Na kamati za harusi zinazokaa mwezi huu: sare ni jambo jema, inaonyesha ukoo umesimama pamoja. Gaweni kitambaa, yadi 4 kwa mama mwembamba mwenye gauni lililonyooka, yadi 6 kwa mwenye mwili au anayetaka lipanuke chini, na yadi 1 na nusu ya kilemba juu yake. Mkishagawa, msitume picha ya mshono. Mwacheni kila mama aende kwa fundi wake, aombe kigoda, akae.