Mtoto wa kwanza mgonjwa, wa pili je? Tuongee kuhusu kupima jeni

Kuna watu nawaheshimu, wengine madaktari, wanaosema kumpima jeni kijana anayetetemeka na kukakamaa, na ambaye tangu utotoni akili yake iko nyuma, hapa Uganda ni kuchezea pesa tu. Si hoja ya kijinga. Kipimo ni ghali, jibu likija haliponyi, na levodopa, dawa ya Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa), unaweza kumjaribishia bila kujua jeni yoyote, viungo vikilegea basi. Tena si kila kitu ni cha kurithi: watoto wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa nchi, waliokuwa wakitingisha vichwa huku akili ikizorota, watafiti wamewahusisha na minyoo inayoenezwa na usubi, wale inzi weusi wa mtoni.

Sawa. Ila hao jamaa wanaongea kama vile kipimo ni cha mgonjwa peke yake.

Chukua jeni iitwayo PTRHD1. Mwaka 2016 ilitajwa kwa familia za Iran, 2018 ikaonekana kwa familia ya Afrika Kusini, vijana wenye ulemavu wa akili wanaoanza kukakamaa kama wazee wa Parkinson. Hapo mtoto anaugua akipata nakala mbovu kwa baba NA kwa mama, wazazi wenyewe wazima kabisa. Kila mimba ina hatari ya robo. Hii robo ndiyo watu wanaielewa vibaya sana, wanasikia mmoja kati ya wanne basi wanajipa moyo kwamba huyu ameshaugua, watatu wajao watakuwa salama, kumbe jeni hazihesabu, mimba ya pili robo, ya tatu robo ileile, na unaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo huku mama mkwe ameshaamua mke ana mikosi na mganga ameshakula mbuzi wa pili. Na msiniambie sisi hatuoani ndugu. Ni kweli Baganda kwa mfano hawaoi ndani ya ukoo, inasaidia, lakini haizuii watu wawili wasiojuana kukutana na kasoro ndani ya jeni ileile.

Karatasi ya majibu inayosema nusu ya kasoro imetoka kwa baba, kwa huyo mke ni dawa tosha.

Hapa lakini wapinzani wananibana kweli. Jeni nyingine, RAB39B, iliyohusishwa na Parkinson ya vijana 2014, iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mvulana anayo moja tu na msichana mbili, kwa hiyo wavulana ndio wanaoumia zaidi na mara nyingi mama ndiye mbebaji. Kila mtoto wake wa kiume ana nusu kwa nusu ya kuugua, wa kike nusu kwa nusu ya kubeba. Peleka jibu hilo kijijini bila maelezo uone, ukoo utasema si tulisema, na mabinti zake watakosa wachumba. Hiyo hatari siifichi, ila kumlaumu mama wanamlaumu hata bila kipimo.

Kwa hiyo sisemi apimwe kila mtu. Mwenye mgonjwa mmoja tu aanze na levodopa na daktari wa mishipa ya fahamu. Ila nyumba yenye ndugu wawili wanaougua hivyo, au kijana na mjomba wake upande wa mama, hao wapimwe, na kabla sindano haijaingia baba na mama wakalishwe pamoja waelezwe majibu yanaweza kusema nini, na waamue wenyewe nani mwingine ataambiwa.